Habari za Ndui, na Jinsi Mwili Unavyomkumbuka Adui Wake

Wasomaji, zamani ndui ilipoingia katika mji, watu wa nchi nyingi waliwatafuta wenye makovu usoni ili wawauguze wagonjwa. Hawakuchaguliwa kwa ajili ya elimu yao, bali kwa sababu ilijulikana na wote ya kuwa mtu aliyekwisha kuugua ndui akapona, haimrudii tena.

Jambo hili ni la kale sana. Thucydides, mwandishi wa tarehe za Wayunani, aliandika habari za maradhi ya kufisha yaliyoupiga mji wa Athens mwaka wa 430 kabla ya Kristo. Yeye mwenyewe aliugua, akapona. Asema ya kwamba waliopona ndio waliowahurumia wagonjwa kuliko wengine, maana waliyajua mateso yao, tena hawakuwa na hofu kwa nafsi zao, kwa kuwa maradhi yale hayakumshika mtu mara ya pili hata kumwua. Basi kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu waliliona jambo hili kwa macho, wala wasijue sababu yake. Na tuangalie jinsi sababu hiyo ilivyopatikana, na ni nani waliosaidia kuipata.

Mwaka wa 1706, katika mji wa Boston huko Marekani, ambao siku zile ulikuwa chini ya Waingereza, washarika wa kanisa moja walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, mtumwa aliyetoka Afrika. Mather akamwita Onesimus, jina la yule mtumwa ambaye Mtume Paulo alimwombea kwa Filemoni. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Siku moja bwana wake alimwuliza kama amewahi kuugua ndui. Akajibu kwamba aliugua, tena hakuugua. Akaeleza ya kuwa huko kwao alichanjwa mkononi, akatiwa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, akaugua kidogo tu, na tangu hapo hakuiogopa tena. Akamwonyesha na kovu lake. Mather akawauliza Waafrika wengine wa mji ule, nao wakamweleza habari iyo hiyo. Mwaka wa 1716 akaiandika katika barua aliyoipeleka London kwa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Desturi hii ilijulikana pia kwa Waturuki, Wahindi na Wachina.

Hata mwaka wa 1721 ndui ikaingia Boston kwa jahazi. Mather akawasihi matabibu wote wa mji waijaribu njia ile, lakini alikubali mmoja tu, Zabdiel Boylston. Tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka 6, pamoja na watumwa wawili wa nyumbani mwake. Mji ukajaa ghadhabu. Tabibu William Douglass alidhihaki, akisema ni upumbavu kuwaamini Waafrika. Mwezi wa Novemba mtu alitupa kombora la moto dirishani mwa Mather usiku, ila halikupasuka. Lakini maradhi yalipokwisha, watu walihesabu. Walioambukizwa ndui kwa njia ya kawaida walikuwa zaidi ya 5,000, na katika hao walikufa zaidi ya 800, yaani karibu mmoja katika kila saba. Waliochanjwa na Boylston walikuwa zaidi ya 240, wakafa 6. Basi hesabu ilimtetea Onesimus mbele ya waliomdharau.

Hata hivyo njia ile ilikuwa na hatari, kwa maana iliyotiwa mwilini ilikuwa ndui yenyewe. Wachache walikufa kwayo, tena aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake. Njia bora ilionekana katika mashamba ya Uingereza. Wakamuaji wa ng'ombe walipata malengelenge mikononi kwa ugonjwa mwepesi uitwao ndui ya ng'ombe, na wakulima walikuwa wakisema ya kuwa watu hao hawashikwi na ndui. Tabibu Edward Jenner aliyasikia maneno yao, wala hakuyapuuza. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua maji ya lengelenge mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mwezi wa Julai akamtia usaha wa ndui halisi, naye hakuugua. Mwaka wa 1798 Jenner akapiga chapa kitabu chake, na chanjo ikaenea duniani.

Wahenga wetu husema, "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Ndivyo ulivyo mwili. Ndui ya ng'ombe na ndui ya wanadamu zimefanana kama ndugu, na mwili uliokwisha kupigana na mdogo humtambua mkubwa ajapo.

Je, mwili hukumbuka kwa muda gani? Jibu moja zuri lilitoka katika visiwa vya Faroe, vilivyo mbali katika bahari ya kaskazini. Surua ilifika huko mwaka wa 1781, kisha haikuonekana tena kwa miaka 65. Iliporudi mwaka wa 1846, katika watu wasiotimia 8,000 waliugua wapata 6,000. Tabibu kijana wa Denmark, Peter Panum, alipopita vijijini aliona ajabu hii: wazee walioipata surua utotoni mwao, mwaka ule wa 1781, hakuugua hata mmoja. Miili yao ilikuwa imemkumbuka adui kwa miaka 65.

Ilibaki kuuliza, ni nini ndani ya mwili kinachokumbuka? Mwaka wa 1882, katika mji wa Messina nchini Italia, Mrusi Élie Metchnikoff aliwachoma kwa miiba watoto wadogo sana wa kiti cha pwani, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo. Asubuhi yake akaona kwa darubini ya kukuza vitu ya kuwa chembe hai zimekusanyika na kuuzunguka mwiba. Akafahamu ya kwamba chembe nyeupe za damu yetu nazo ni askari, huwameza vijidudu viingiapo. Mwaka wa 1890 Emil von Behring na mwenzake Mjapani, Shibasaburo Kitasato, walionyesha jambo la pili: maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya pepopunda, yakitiwa katika mnyama mwingine, humkinga. Wataalamu wakagawanyika, hawa wakisema kinga imo katika chembe, na hawa wakisema imo katika maji ya damu. Pande zote mbili zilikuwa na kweli.

Leo twajua hivi. Adui mgeni aingiapo, chembe za kwanza humshambulia bila kumjua kwa sura. Wakati huo huo hutafutwa katika chembe nyingine zile zinazoweza kumtambua, nazo huzaana kwa wingi. Baadhi yake hutengeneza kingamwili, ambazo humshika adui zikamzuia. Nyingine huziua chembe za mwili zilizokwisha kutekwa naye. Kazi hii huchukua siku nyingi, na ndizo siku mtu anazolala kitandani. Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki miaka mingi wakimkumbuka. Adui yule akirudi, hao huzaana upesi, akashindwa kabla mtu hajajua ya kuwa ameingiliwa. Chanjo ni kuuonyesha mwili sura ya adui pasipo kuutia katika vita vyenyewe. Si kila adui hushindwa hivi kwa mara moja, kwa maana influenza hubadili sura yake mara kwa mara, na malaria ina werevu mwingi.

Lakini ndui haikuwa na werevu huo. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Aliingia garini kwa muda mfupi kuwaonyesha njia waliochukua watoto wawili wagonjwa. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake. Akaugua, akapona, na mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Baadaye Maalin alikwenda nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawapeleke watoto wao kuchanjwa polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka wa 2013, akiwa katika kazi hiyo, kwa homa ya malaria.

Basi, ndugu, surua na pepopunda zingali zikiua watoto. Mama ampelekaye mtoto wake kuchanjwa anaitumia akili ya watu wengi: mtumwa wa Boston, mkamuaji wa ng'ombe, wazee wa Faroe na mpishi wa Merca. Asimcheleweshe mtoto kwa sababu ya kilio cha dakika moja.