Kabla ya Gati: Jinsi Wazee Wetu Walivyoshuka Pwani

Katika koo zetu nyingi husimuliwa kwamba mababu “walishuka gatini” Unguja. Ndugu msomaji, simulizi hiyo ni tamu, lakini bahari haiikubali. Kabla ya gati la Malindi kujengwa katika miaka ya 1920, chombo kilichokuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hakikuwa na ukuta wa kuegemea. Nahodha alitia nanga nje, abiria wakapokewa kwa mashua. Au alingoja bamvua, akakiingiza chombo ufukweni, na maji yalipotoka kikabaki mchangani kimeegemezwa magogo. Hapo kilipakuliwa, kikatiwa kalafati na kupakwa deheni. Pwani yetu iliyaruhusu hayo, kwa kuwa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4.

Jidda haikujaliwa hivyo. Huko maji hujaa na kutoka kwa chini ya nusu mita, na mbele ya mji yamelala matumbawe. Mpaka takriban mwaka 1950, mahujaji walishuka melini mbali na nchi kavu, wakaingizwa bandarini kwa sambuki, na maisha yao yakawa mikononi mwa rubani aliyezijua njia za miambani.

Gati, basi, ni mgeni wa juzi, tena huzeeka upesi. Chuma huliwa na kutu pale maji yanapopanda na kushuka. Mbao hutobolewa na wadudu wa baharini. Gati la Malindi limehitaji ukarabati mkubwa zaidi ya mara moja. Jahazi lilidumu kwa sababu lilitolewa majini kila msimu, likakaguliwa ubao kwa ubao.

Hapa Al-Sulay, Riyadh, ninapoandika, bahari iko mbali. Bandari ya mji huu ni kavu, na makontena huletwa kwa reli kutoka Dammam. Watoto wetu hawaijui omo wala tezi. Nawaomba, basi, msiwaulize wazee waliosalia walishuka gati gani. Waulizeni walikuja na upepo gani, nani alikuwa nahodha, na mashua iliyowapokea ilikuwa ya nani. Hayo hayamo katika hati zao za kusafiria. Wahenga walinena: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yaandikeni kabla kaskazi nyingine haijapita.