Kisa cha Kivuko cha Lazima

Ikiwa makao yako ni Likoni, huna haja ya kufundishwa maana ya kuwa na njia moja. Mwenzako wa Kisauni huingia kisiwani kwa daraja la Nyali, na yule wa Changamwe kwa njia ya Makupa. Wewe uendaye kwa miguu kwa kawaida hungoja feri. Feri ikikawia, nawe umekawia. Likumbuke jambo hilo, maana kisa nitakachokusimulia ni cha kivuko pia, ijapokuwa hakina maji.

Ili kusoma kurasa za intaneti, kompyuta huhitaji programu iitwayo kivinjari. Hicho ndicho chombo kinachokuvusha. Cha kwanza kilitungwa mwaka 1990 karibu na Geneva na Mwingereza Tim Berners-Lee. Desemba 1994 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa kivinjari chake, na upesi kikapendwa kuliko vingine vyote.

Kampuni ya Microsoft, ambayo mfumo wake wa Windows uliendesha sehemu kubwa ya kompyuta za dunia, iliona hatari. Watu wakizoea kufanya shughuli zao zote ndani ya kivinjari, nani atajali ni mfumo gani ulio chini yake? Basi mwaka 1995 ikatoa kivinjari chake, Internet Explorer. Haikudai malipo kwacho, lakini iliwafunga watengenezaji wa kompyuta kwa mikataba: atakaye Windows, sharti achukue na kivinjari hicho. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Mnamo Oktoba 1997 serikali ya Marekani ikalipeleka jambo hilo mahakamani. Desemba 11, Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru sharti hilo likomeshwe kwa muda. Kampuni ikajibu kwamba, ikitii amri kama ilivyoandikwa na kuzing'oa faili zote za kivinjari, Windows haitafanya kazi. Siku chache baadaye jaji akaeleza kuwa kivinjari kilikuwa kimeondolewa kwenye kompyuta ya mahakama kwa muda usiotimia sekunde 90, na Windows ikaendelea kufanya kazi.

Nani alisema kweli? Hapa yakupasa kutofautisha mambo mawili. Kuzima kivinjari ni kuondoa picha yake na kumzuia mtumiaji asikifungue. Kukiondoa kabisa ni kung'oa faili zake zote. Baadhi ya faili hizo zilitumiwa pia na sehemu nyingine za Windows. Lakini je, ni maumbile yaliyoziunganisha? La, ni mikono ya mafundi, kwa amri ya wakubwa wao. Hilo ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi.

Mahakama ya rufani iliitangua amri ile Juni 1998, na mwezi huohuo Windows 98 ikatoka ikiwa na kivinjari ndani yake, bila njia ya kawaida ya kukiondoa. Lakini mwezi mmoja kabla, serikali kuu pamoja na majimbo 20 ilikuwa imefungua kesi kubwa zaidi. Edward Felten, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Princeton, alileta programu yake ya kukiondoa kivinjari katika Windows 98. Februari 1999 kampuni ikaonyesha filamu ya kuthibitisha kwamba programu hiyo iliiharibu Windows. Mawakili wa serikali wakazifichua kasoro za filamu yenyewe. Juni 2000 jaji aliamuru kampuni igawanywe sehemu mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani iliitangua adhabu hiyo, ila ilikubali kwamba kampuni ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Haki ilifika, lakini Netscape ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni nyingine, na abiria wake wengi wamekwisha kuhama.

Huenda ukasema, hayo ni ya Marekani, yanihusu nini mimi? Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, nasi tukaunganishwa na dunia kwa upesi. Tukavipokea vyombo pamoja na vivuko vilivyofungwa ndani yake. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022, lakini Windows sasa huja na Edge. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuyabana makampuni makubwa Machi 2024, iliyowapa watu wa huko njia ya kawaida ya kuiondoa. Katika simu nyingi za Android pia, kivinjari kilichokuja nacho chaweza kuzimwa tu. Kenya nayo ina Sheria yake ya Ushindani, ya mwaka 2010.

Ukitaka kuzima kivinjari usichokipenda, tia kwanza kingine na ukijaribu. Asiye na ngalawa nyingine hatoboi aliyo nayo. Wala usidhani kwamba kila kilichofungwa pamoja ni hila. Feni ya kompyuta imefungwa ndani yake kwa sababu njema. Lakini mtu akikuambia kwamba kitu hakiondoleki, muulize maswali mawili: ni nani aliyekifunga, na ni nani anayefaidika kikibaki? Kwenye kompyuta ya mahakama ya Jaji Jackson, kilichosemwa hakiondoleki kiliondolewa kwa muda usiotimia sekunde 90.