Neno la Mwisho ni la Nani? Hakimu, Daktari na Mwanamke katika Historia ya Sheria za Utoaji Mimba nchini Rwanda na Nchi Jirani

Ikisiri

Mijadala ya utoaji mimba katika eneo letu huendeshwa zaidi kwa kuuliza ni sababu zipi zinazokubalika kisheria. Makala haya yanadai kwamba historia inatulazimu kuuliza pia ni nani anayethibitisha kuwa sababu hiyo ipo. Kwa kufuatilia sheria za Rwanda za mwaka 2012 na 2018, na kuzilinganisha na yaliyotokea Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makala yanaonyesha kuwa mthibitishaji ndiye anayeamua kama ruhusa iliyoandikwa itatumika au itabaki karatasini.

Utangulizi

Kanuni ya Adhabu ya Rwanda ya tarehe 2 Mei 2012 iliwaondolea hatia wanawake ambao sheria iliyotangulia haikuwataja: aliyebakwa, aliyeozwa kwa nguvu, na aliyepata mimba kwa ndugu wa karibu. Afya ya mama, au ya mtoto aliye tumboni, ikiwa hatarini, nayo iliendelea kuwa sababu. Mtu aliyeishia kwenye orodha hiyo alikuwa na haki ya kuiita mageuzi makubwa. Tatizo lilikuwa aya iliyofuata. Kwa sababu zile tatu za mwanzo, mwanamke alitakiwa kumpelekea daktari amri ya mahakama inayothibitisha kuwa kweli alibakwa, aliozwa kwa nguvu au alipewa mimba na nduguye.

Tumfikirie msichana wa miaka 15 katika hali hiyo. Kabla ya kumwona daktari ilimpasa ajue kwamba sheria ipo, apate mtu mzima wa kumsindikiza, aeleze mbele ya hakimu jambo ambalo pengine hajamwambia hata mama yake, kisha asubiri. Mahakama ina kalenda yake na mimba ina yake, na ya pili haiahirishwi. Ikiwa aliyempa mimba ni yule yule anayelipa nauli ya kwenda mahakamani, safari iliishia mlangoni kwao.

Waliotunga sharti hilo hawakukosa hoja. Walihofu kwamba neno “nimebakwa” lingegeuka kuwa ufunguo wa kila mlango, na walitaka pia wabakaji wasipone. Hoja hizo zina uzito. Kosa lao, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni kuunganisha kesi mbili zenye mwendo tofauti: ya kumwadhibu mkosaji, inayoweza kuchukua miaka, na ya kumtibu aliyekosewa, inayohesabiwa kwa wiki. Mgonjwa aligeuzwa kuwa shahidi kabla hajawa mgonjwa.

Swali la nani awe na neno si geni katika nchi zetu, na wala halikuanza na katiba mpya au mikataba ya kimataifa. Ili kuelewa hakimu alifikaje mlangoni pa hospitali ya Rwanda, hatuna budi kurudi kwenye sheria zilizoletwa na wakoloni.

Urithi wa sheria mbili

Kenya, Uganda na Tanganyika zilipokea sheria ya Uingereza. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1861 ilikuwa imeuweka utoaji mimba miongoni mwa makosa dhidi ya mwili wa mtu. Kanuni za adhabu zilizotungwa kwa makoloni haya kuanzia 1930 zililihamishia kosa hilo kwenye sura ya makosa dhidi ya maadili. Adhabu zilifanana kote: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, na 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Kuhama kwa sura kunaweza kuonekana kuwa ni jambo la wachapishaji tu, lakini kunatuambia watawala walidhani wanalinda nini. Ubelgiji ilikuwa na mawazo yayo hayo. Kanuni yake ya 1867 ililiweka kosa hili chini ya mpangilio wa familia na maadili ya umma, na Kanuni ya Kongo ya tarehe 30 Januari 1940, iliyotumika pia Ruanda-Urundi, ilimwekea mwanamke kifungo cha miaka 5 hadi 10, na anayemsaidia miaka 5 hadi 15.

Lugha yetu inafaa kusikilizwa hapa. Kiswahili husema mimba imetoka, imeharibika, imetolewa, au fulani ametoa mimba. Katika semi mbili za mwanzo hakuna mtenda. Katika ya tatu mtenda amefichwa. Ya nne peke yake ndiyo inayomtaja. Polisi anayemkuta mwanamke anayevuja damu kitandani hospitalini hana kazi nyingine ila kuamua ni umbo lipi la kitenzi linalofaa. Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe anaweza kujikuta akitetea sarufi.

Kisa cha Meru, nchini Kenya, ambacho mwanahistoria Lynn Thomas amekichunguza kwa kina, kinaonyesha jinsi neno lilivyoweza kugawanywa baina ya watu wengi huku mhusika akiachwa bila fungu. Katika miaka ya 1920 na 1930 maofisa wa Kiingereza walihofu kwamba idadi ya Wameru haiongezeki. Wasichana wa Meru wakati huo walitahiriwa wakiwa wakubwa, karibu na ndoa, na ilikuwa aibu nzito kwa asiyetahiriwa kushika mimba. Wengi waliopata mimba katika hali hiyo walitolewa. Suluhisho la serikali, lililopitishwa pamoja na wazee wa baraza la wenyeji, lilikuwa kuteremsha umri wa kutahiri hadi kabla ya kubalehe, ili mimba ya asiyetahiriwa isiwepo kabisa. Kwa hiyo serikali ya kikoloni, katika jitihada za kuzuia utoaji mimba, ilisimamia ukeketaji wa watoto. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke, likihimizwa na uongozi wa wilaya, lilipiga marufuku ukeketaji wenyewe, na wasichana wakajibu kwa kukatana wao kwa wao. Katika amri zote mbili walisikilizwa maofisa, wamisionari na wazee. Nyanya na wakunga, ambao hapo awali ndio waliokuwa na neno katika mambo ya uzazi, walisukumwa kando. Wasichana hawakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili.

Daktari anapata neno

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitokea London. Mwaka 1938 daktari wa upasuaji Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, kisha akajipeleka mwenyewe kwa polisi ili sheria ipimwe. Jaji Macnaghten aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba daktari anayeamini kwa dhati, na kwa misingi ya kuridhisha, kuwa mimba itamwacha mwanamke akiwa ameharibika mwili au akili anaweza kuhesabiwa kuwa anaokoa uhai. Bourne aliachiwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ikisikiliza rufaa iliyotoka Kenya, iliupokea msimamo huo.

Hukumu hiyo husifiwa kuwa imelegeza sheria, na ni kweli. Lakini kilichopewa uzito ni imani ya daktari. Mateso ya msichana yaliingia katika sheria kwa kupitia kinywa cha mtaalamu mwanamume mwenye sifa ya kuheshimika. Msichana mwenyewe alikuwa ushahidi. Tangu hapo, katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, neno limekuwa mikononi mwa tabibu.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliurithi mpango huo na kuupanua. Ibara ya 26(4) inakataza utoaji mimba ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama i hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mvutano wa kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti mwaka huo ulihusu zaidi sababu zenyewe. Maneno “mtaalamu wa afya aliyefunzwa” yalizungumzwa kidogo, ingawa kiutendaji ndiyo yaliyokuwa mazito, kwa kuwa yanaweza kumhusu muuguzi, mkunga na tabibu wa zahanati, wala si daktari peke yake. Wizara ya afya ilitoa mwongozo kwa watumishi hao mwaka 2012, ikauondoa Desemba 2013, kisha ikazuia mafunzo. Katiba haikubadilika hata nukta, bali watu waliokabidhiwa neno waliogopa kulitamka. Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Juni 2019 kwamba kuondolewa kwa mwongozo huo kulikiuka haki, msichana ambaye mkasa wake ulianzisha kesi alikuwa amekwisha kufariki.

Uganda ilipitia njia hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi. Ibara ya 22(2) ya Katiba ya 1995 inasema uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa usikatishwe isipokuwa kama sheria inavyoruhusu, na Bunge halikutunga sheria hiyo. Mwongozo wa wizara uliotolewa 2015 ulisimamishwa baada ya viongozi wa dini kuupinga. Viongozi hao wana haki ya kusema. Wanaongoza waumini wengi na wanaendesha hospitali nyingi. Lakini ni vema kuona neno lao lilitumika wapi: katika ofisi ya wizara, dhidi ya waraka wa kitaalamu, mahali ambapo mwanamke wa kawaida hana kiti.

Rwanda: hakimu anaondolewa

Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 inazitaka nchi za Afrika kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali za shambulio la kingono, kubakwa, mimba ya ndugu wa karibu, na pale afya ya akili au ya mwili ya mama, au uhai wake au wa kijusi, unapohatarishwa. Kenya na Uganda ziliiridhia mwaka 2010 huku zikijitoa katika kifungu hicho. Rwanda nayo ilikuwa imejitoa, lakini mwaka 2012 ilikikubali. Kongo ilichukua njia yake: Machi 2018 Itifaki ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na Aprili waraka wa mahakama ukawaelekeza mahakimu kuitumia, wakati Kanuni ya Adhabu iliyotoka kwa Wabelgiji ikiwa bado inakataza. Daktari wa Kinshasa au Bukavu alibaki na vitabu viwili mezani.

Sheria ya Rwanda ya tarehe 30 Agosti 2018 iliongeza sababu moja, yaani mjamzito kuwa mtoto, na ikafuta sharti la amri ya mahakama. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu lile la kwanza. La pili lilikuwa na uzito zaidi. Amri ya Waziri wa Afya ya Aprili 2019 iliweka utaratibu: kazi ifanywe na daktari, mimba isizidi wiki 22 isipokuwa afya ikiwa hatarini, na mwanamke asidaiwe ushahidi wa sababu anayoieleza. Ikija kubainika kwamba sababu hiyo haikuwapo, atawajibika. Kauli yake ndiyo inayomfikisha kwa daktari. Serikali ikiwa na shaka, itathibitisha baadaye kwa gharama yake.

Kifungu kinachostahili kusomwa polepole ni kile kinachohusu mtoto. Wazazi au walezi ndio wanaopeleka ombi, baada ya kukubaliana naye. Wakitofautiana wao kwa wao, au wakitofautiana na mtoto, matakwa ya mtoto ndiyo yanayofuatwa. Hukumu ya Bourne ilimwokoa msichana wa miaka 14 bila kulipa neno lake nguvu ya kisheria. Sheria ya Kigali, miaka 80 baadaye, ililipa neno la msichana wa umri huo uzito kuliko la baba yake. Wapo wanaoona kwamba hapo familia imevunjwa, na pingamizi lao si la kupuuzwa: mtoto huyo huyo hawezi kuuza shamba wala kusaini mkataba. Hata hivyo wanapaswa kujibu nani aamue ikiwa mlezi ndiye aliyempa mimba, jambo ambalo sheria yenyewe imelitambua kwa kuitaja mimba ya ndugu wa karibu.

Kilichobaki ni daktari. Katika mfumo wa afya wa Rwanda vituo vya afya vya vijijini huendeshwa na wauguzi, na madaktari hupatikana hospitali ya wilaya. Sheria iliyomtaja daktari peke yake iliutoa umbali wa mahakama na kuuacha umbali wa hospitali; na Kanisa Katoliki, ambalo lina mchango mkubwa katika huduma za afya nchini humo, lilipinga sheria na halikukubali huduma hiyo katika taasisi zake. Hapa Kenya, kwa maneno yake yale yaliyopita bila kelele, iliandika vizuri zaidi kuliko jirani yake, ingawa ilitekeleza vibaya.

Na hakimu hakuondoka kabisa. Kutoa mimba nje ya sababu zilizotajwa kuliendelea kuwa kosa la kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3. Mwezi Aprili 2019, mwezi ule ule wa amri ya Waziri, Rais aliwasamehe wanawake na wasichana 367 waliokuwa wamehukumiwa kwa kutoa mimba, kushiriki katika kosa hilo au kuua watoto wachanga. Mwaka uliofuata aliwasamehe wengine 50 waliofungwa kwa kutoa mimba. Kwa wanawake hao, saini iliyokuwa na neno la mwisho ilikuwa ya Ikulu.