Ndizi na chungwa: ikoni za kura ya 2005

Wasomaji wangu, wengi wenu mnaikumbuka kura ya maoni ya Novemba 21, 2005. Tume ya Uchaguzi, chini ya marehemu Samuel Kivuitu, iliweka ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa La. Hapa Nakuru nani asiyeyajua matunda hayo? Mtu ambaye hajui kusoma, au ambaye akili yake hulemewa na sentensi ndefu, angeweza kuipata alama yake kwenye karatasi bila kumwuliza yeyote. Chungwa lilishinda kwa asilimia 58 hivi, kisha likazaa ODM.

Sisi waandishi wa programu hupenda kudhani ikoni zilianza na Macintosh ya 1984. Treni za chini ya ardhi za Mexico City zilikuwa na picha kwa kila kituo tangu 1969, kwa ajili ya abiria wasiojua kusoma. Nasi tulikuwa na jogoo wa KANU!

Lakini kuna jambo linanisumbua. Chungwa lilikuonyesha mahali pa kutia alama tu. Rasimu ilisema nini kuhusu ardhi, suala linalochemka kila mara huku Bonde la Ufa? Hayo yalibaki kwenye lugha ya mawakili. Mwenye ulemavu wa akili alipewa kitufe bila maelezo ya kitufe. (Kusema kweli, hata wengi wetu.)

Agosti 4, 2010 zikaja rangi: kijani Ndiyo, nyekundu La. Nilishangaa, maana hizo ndizo rangi ambazo watu wasiotofautisha rangi huzichanganya sana.

Katiba iliyopita siku hiyo, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine zinazofaa. Lugha nyepesi imeachwa humo ndani ya "njia nyingine", ingawa mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 unaitaja waziwazi. Tena kifungu cha 83 kinamnyima kura aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Kijana wa Molo au Njoro mwenye ulemavu huo, ambaye hajatangazwa hivyo, ana kura kamili kama yangu, na bado sijaona karatasi inayomweleza, kwa sentensi za maneno sita sita, anachopigia kura.