Usukani wa pikipiki mpya ukivuta au kunata: nini cha kukagua, na wapi pa kulalamika

"Itazoea tu." Ndivyo alivyoambiwa mdogo wangu aliporudi dukani siku ya tatu baada ya kuchukua pikipiki mpya, siti bado ina nailoni. Shida yake ilikuwa moja: usukani, ambao vijiweni tunauita hendeli, ulikuwa unanata ukiwa katikati. Akitaka kukwepa shimo unagoma kidogo, kisha unaachia ghafla. Akipunguza mwendo karibu na soko la Muheza, pikipiki inayumba kama ya mtu anayejifunza. Fundi wa dukani aliushika usukani, akautikisa mara mbili, akasema chombo ni kipya, kitazoea.

Hakikuzoea. Wiki ya pili alianguka kwenye changarawe akiwa na abiria, mama mmoja aliyekuwa anatoka kliniki. Wote wawili walichubuka magoti na viganja, basi. Ingekuwa kwenye lami, mbele ya lori, ningekuwa naandika habari nyingine.

Msikilizaji, injini mpya ina kuzoea. Ndiyo maana kitabu chake kinakutaka usiivute sana kilomita za mwanzo. Usukani hauna kuzoea. Ukiwa na kasoro siku ya kwanza, mwezi wa pili kasoro itakuwa kubwa zaidi.

Kwa nini pikipiki mpya iwe na kasoro ya usukani

Pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona Tanga, Pangani, Korogwe na Handeni zimetengenezwa India au China. Haziji zikiwa zimesimama kwa matairi yake. Husafirishwa kwenye maboksi, sehemu ya mbele ikiwa imefunguliwa ili zichukue nafasi ndogo, kisha hufungwa huku kwetu. Tairi la mbele, usukani, waya wa breki, waya wa klachi na waya wa mafuta mara nyingi hukazwa na fundi wa hapa, pengine siku ambayo ana pikipiki sita za kumaliza kabla ya jioni. Kwa hiyo chombo kinaweza kutoka kiwandani kizima kikaharibikia kwenye spana ya mtu wa mwisho.

Mahali penyewe ni shingoni, pale usukani unapoingia kwenye chesisi. Ndani ya shingo kuna goroli za juu na goroli za chini, zinazozunguka kwenye bakuli za chuma zenye grisi. Juu yake kuna nati ya kukaza. Nati hiyo ikilegea, shokapu za mbele hucheza, na ukishika breki ya mbele unasikia "kok!" mikononi. Ikikazwa kupita kiasi, usukani unakuwa mzito, na pikipiki haiwezi kujinyoosha yenyewe kama inavyotakiwa. Unajikuta unairekebisha kushoto na kulia muda wote hasa kwenye mwendo mdogo. Ukiendelea kuiendesha hivyo, goroli zinachimba vishimo kwenye bakuli. Hapo ndipo usukani unapoanza kunata katikati, kwa sababu goroli zinatumbukia kwenye vishimo kila unapokwenda moja kwa moja. Bakuli ikishachimbika, kukaza au kulegeza nati hakusaidii tena. Hubadilishwa, juu na chini pamoja na goroli zake.

Kuvuta upande mmoja ni habari nyingine, na mara nyingi chanzo chake kipo nyuma. Tazama alama ndogo zilizochorwa pande mbili za ekseli ya tairi la nyuma, pale cheni inapokazwa. Upande mmoja ukiwa kwenye alama ya tatu na mwingine kwenye alama ya nne, tairi la nyuma limekaa mshazari, na pikipiki itakwenda kama kaa. Vijana wengi wanapasua shingo kumbe ugonjwa uko kwenye cheni.

Dakika kumi kabla ya kutoa hela

Usione haya kukagua mbele ya muuzaji. Mtu anakagua embe sokoni akilibonyeza pande zote, halafu kwa chombo cha mamilioni anaona aibu!

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwombe mtu akalie nyuma ili tairi la mbele lining'inie. Gusa usukani kwa kidole ukiwa katikati. Unatakiwa uanguke wenyewe upande wa kushoto, kisha ufanye hivyo hivyo kulia, bila kukwama popote. Baada ya hapo chuchumaa mbele, shika shokapu mbili za mbele kwa chini, uzivute kuja kwako na kuzisukuma. Ukisikia mgongano, shingo imelegea. Kisha shika tairi lenyewe ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, tazama beringi za tairi na nati ya ekseli. Lizungushe pia, ukiangalia kama rimu inapinda karibu na shokapu.

Kuna jaribio moja ambalo watu wengi hulisahau. Washa injini, iache kwenye sailensa, halafu geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Mlio wa injini usibadilike. Ikipanda resi yenyewe, waya wa mafuta umepitishwa vibaya na unavutwa. Fikiria hilo likikutokea ukikata kona ya Soni, ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, bonde likiwa pembeni yako.

Upepo wa matairi usiuchukulie kwa mdomo wa mtu. Soma kibandiko kilichopo kwenye pikipiki au kitabu chake. Kipimo cha mbele na cha nyuma si kimoja, na cha nyuma hubadilika ukibeba abiria. Tairi la mbele lenye upepo mdogo hufanya usukani mzima uonekane mgonjwa.

Ukimaliza, omba uiendeshe, hata kama ni kuzunguka jengo tu.

Mzigo nao

Hapa nitasema ukweli hata kama wengine hamtaupenda. Si kila pikipiki inayotikisa usukani ina kasoro ya kiwanda au ya fundi. Magunia mawili ya machungwa yakifungwa kwenye keria nyuma ya ekseli, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi, na usukani unaanza kucheza ukifika mwendo fulani. Mishkaki hufanya yale yale. Madumu yanayoning'inia kwenye usukani ndiyo mabaya zaidi. Kabla hujalalamika, iendeshe bila mzigo, barabara ile ile na mwendo ule ule. Ikitulia, tatizo ni upakiaji. Ikiendelea, una malalamiko ya haki, na muuzaji hatakuwa na pa kujificha.

Usukani ukikuanza kutetemeka ukiwa njiani, usibane breki ya mbele kwa nguvu. Rudisha mafuta taratibu, lalia mbele kidogo, shika usukani imara bila kushindana nao, acha mwendo ushuke wenyewe.

Rudi mapema, na rudi na ushahidi

Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwa ufupi, muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa fulani anatakiwa akupe kitu chenye ubora unaouzika na kinachofaa kazi uliyomweleza. Lakini sheria hiyo ina pande mbili. Ukikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuilalamikia baadaye kwa kigezo cha ubora. Kwa hiyo ukikagua, kagua kweli. Na ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, utahesabiwa umeipokea. Utabaki na haki ya kudai fidia, lakini kuirudisha kunakuwa kugumu. Ndiyo maana ile "itazoea tu" ina gharama: inakupotezea siku ambazo ni zako kisheria.

Ukigundua kasoro, rekodi video kwa simu, ionekane namba ya usajili na kilomita zilizosomeka. Mpelekee muuzaji ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo, hata kama mmeongea ana kwa ana. Andika tarehe, namba ya chesisi na tatizo kwa maneno ya kawaida. Risiti ya EFD usiitupe. Na tafadhali usimpe fundi wa kijiweni afungue shingo kabla muuzaji hajaiona, hata kama ni fundi bora kuliko wa dukani. Waranti nyingi hukataa kazi iliyoguswa nje, na muuzaji atasema aliyefungua ndiye aliyeharibu.

Sevisi ya kwanza pia usiiruke. Mara nyingi hupangwa kati ya kilomita 500 na 1,000, na anayetembea kilomita 100 kwa siku anafika hapo ndani ya wiki moja. Si ya kumwaga oili peke yake. Ndipo nati ya shingo na spoku zinapokazwa upya, maana vyote hulegea kidogo siku za mwanzo.

Muuzaji akigoma, nenda kwa wakala mkuu wa kampuni hiyo hapa nchini. Jina lake huwa kwenye kitabu cha waranti. Juu yake ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Watu huijua kwa kukamata bidhaa bandia, lakini sheria yake inagusa pia usalama wa bidhaa na kuziondoa sokoni zikionekana hatari. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha Baraza la Taifa la Kumtetea Mlaji. Shirika la Viwango, TBS, linahusika na bidhaa isiyofikia kiwango.

Wenzetu wa nje hawana miujiza, wana mazoea ya kulalamika kwa maandishi. Mwaka 2017 kampuni ya BMW ya Ujerumani iliwaita wenye pikipiki za R 1200 GS warudi zikaguliwe nguzo za shokapu za mbele. Hiyo ni pikipiki ya bei ya gari. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani hupokea malalamiko ya mwenye chombo mmoja mmoja, na yakifanana mengi huchunguza. Kwetu malalamiko mengi huishia kijiweni, chini ya mwembe, na yakiishia hapo hakuna ofisi itakayojua kwamba pikipiki kumi za aina moja zinanata usukani.

Kwa wenye mkataba

Ugumu unaongezeka kwa dereva wa mkataba, kwa sababu risiti ina jina la tajiri na mwenye kuumia barabarani ni yeye. Muuzaji anaweza kumwambia dereva, "Wewe siye uliyenunua." Kwa hiyo mjulishe tajiri kwa ujumbe siku ile ile unayogundua, mwende dukani pamoja. Kabla ya kusaini mkataba, omba uongezwe mstari mmoja: siku ambazo pikipiki iko dukani kwa kasoro ya upya hazidaiwi hesabu. Tajiri mwelewa hatakataa, kwa sababu chombo ni mali yake. Kumbuka pia kwamba bima ndogo ni kwa ajili ya watu wengine unaowadhuru, haitatengeneza pikipiki yako.

Mdogo wangu hakuwa na mstari huo. Baada ya kuanguka, tajiri wake alikwenda dukani na risiti pamoja na video, na safari hii shingo ikafunguliwa. Goroli za chini zilikuwa kavu, grisi hakuna, bakuli ina vishimo vinavyoonekana kwa macho. Duka lilibadilisha seti nzima bila malipo, na usukani umetulia mpaka leo. Pikipiki ilikaa hapo siku tisa ikisubiri vifaa. Hesabu ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, na zote tisa alizilipa yeye.