Ala ya Upanga: Neno Moja au Mawili?

Mwanafunzi wa leo akikutana na neno ala katika utenzi wa vita, yamkini atakumbuka ala za muziki, au zile za kutamkia sauti alizofundishwa katika isimu. Ubeti ukidokeza kuwa ala ya shujaa i tupu, atadhani shujaa hana silaha. Maana ni kinyume kabisa: upanga umekwisha kufutwa na damu i karibu kumwagika.

Kosa hilo lina historia. Maneno yenyewe ni mawili yaliyokutana katika sura moja (ukiacha ala! ya mtu aliyekereka, ambayo haimtatizi msomaji yeyote). Ala yenye maana ya zana imetoka katika Kiarabu. Ala ya upanga ni nyingine, kwani Waarabu huiita ghimd. Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, aliandika wingi wake kuwa nyala, kwa mkondo ule ule wa Kibantu wa uso na nyuso, ufa na nyufa. Aliyesikia nyala hakuwa na sababu ya kufikiria zana. Wingi huo ulipofifia, maneno haya yakapoteza mpaka wake ulio wazi zaidi.

Aidha, panga za vita zilitoweka ilhali muziki na isimu vilizidi kustawi. Bwana harusi wa Unguja huweza kuvaa joho na jambia, lakini watu husifu jambia, si ala yake. Uo, kisawe cha ala, hakijulikani kwa wengi. Pengine waliolihifadhi neno zaidi ni wasomaji wa Biblia ya mwaka 1952, ambamo Petro, katika Injili ya Yohana, anaamriwa kuurudisha upanga alani.

Umbo hilo la mahali lina manufaa kwa mhakiki. Upanga huingia alani mwake, hufutwa, huchomolewa, hurudishwa. Zana haina ndani inayotajwa namna hiyo, bali kitu hufanywa kwayo. Mhariri wa tenzi aghalabu hufafanua msamiati mgumu wa Kiamu akaliacha neno ala kwa kuwa sura yake inajulikana. Hapo ndipo tanbihi inapohitajika zaidi, na ingefaa iutaje ule wingi wa nyala.