Kivuli cha Marikiti

Msomaji kijana, jua ni rafiki wa zamani wa mwanadamu. Hukausha nguo na samaki, hukomaza nafaka, na huondoa unyevu chumbani. Kwa sababu ya hisani hizo ni rahisi kudhani kwamba kila kilicho kibichi chafaa kuanikwa, hata mwili wa mgonjwa. Insha hii yaeleza jinsi dhana hiyo ilivyotukuzwa ulimwenguni na jinsi ilivyokanushwa. Mwandishi wake ana sababu ya kuieleza, maana aliwahi kuiamini, na gharama yake ikalipwa na ngozi ya mtu mwingine.

Tuanze Marikiti, katika kisiwa cha Mombasa. Soko hili, lililojengwa mwaka 1914 na kuitwa Soko la Mackinnon katika enzi ya ukoloni, liko kando ya barabara ya Digo, penye kuingilia Mji wa Kale. Simama hapo saa sita mchana utazame watu. Wauzaji wametanda maturubai juu ya matunda yao. Wanawake wamejitanda kanga na mabuibui. Wazee wamevaa kanzu na kofia. Ukiingia vichochoroni waona nyumba zimesogeleana hata jua halipati nafasi ya kukaa njiani. Mombasa ipo karibu digrii 4 kusini ya ikweta, na jua lake la adhuhuri huwa kali mwaka mzima. Mavazi yale hayakushonwa kwa ajili ya jua peke yake, kwani dini na heshima zina fungu lake. Lakini ngozi hupata faida ile ile. Mtu wa pwani alikijua kivuli kabla hajaijua sayansi yake.

Wazungu waliofika Afrika Mashariki katika karne ya 19 waliliogopa jua hili, wakavaa kofia nene za kulikinga. Kwao weupe wa ngozi ulikuwa alama ya mtu asiyelima. Lakini viwanda vilipowafungia maskini ndani, maskini nao wakawa weupe. Mwaka 1903 tabibu Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na sifa ya mwanga ikaenea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, rangi ya kuchomwa na jua ikawa alama ya mtu mwenye nafasi ya kustarehe. Ndiyo maana hata leo mgeni husafiri maelfu ya maili kuja kuota jua katika mchanga wa Nyali, huku mwenyeji akimtazama kutoka chini ya mti.

Sayansi haikuchelewa kutia shaka. Mwaka 1928 George Findlay alionyesha kwamba panya waliopigwa mara kwa mara na miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, walipata saratani ya ngozi. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vitanda vya kubadilishia rangi ya ngozi katika daraja moja na tumbaku, daraja la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani. Rangi ile iliyosifiwa ni kilio cha ngozi iliyojeruhiwa ikijaribu kujitetea.

Usiseme, "Mimi ni mweusi, hayo hayanihusu." Weusi ni ngao njema, wenye ualbino, waliozaliwa bila ngao hiyo, wajua thamani yake, na ndiyo sababu huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, mafuta ya kukinga jua hutengenezwa kwa ajili yao. Lakini ngao yaweza kutobolewa, na hapa twafika kwa mgonjwa aliyetibiwa saratani.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, na mwaka uliofuata matabibu walikwisha kuijaribu juu ya uvimbe wa saratani. Ukali wake ulijulikana mapema. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliungua mikono kwa mionzi hiyo hata ikakatwa, akafa mwaka 1904. Leo mionzi hupimwa kwa uangalifu mkubwa na imeokoa watu wengi. Hata hivyo ngozi iliyopitiwa nayo hudhoofika, na jua huiunguza upesi, hata baada ya miaka. Baadhi ya dawa za saratani nazo huifanya ngozi ya mwili mzima isistahimili jua.

Shangazi yangu aliuza viungo Marikiti. Alitibiwa kwa mionzi Nairobi, akarudi nyumbani akiwa na ngozi nyeusi na yenye joto shingoni na begani. Jirani mmoja alisema, "Kidonda hukaushwa na jua." Neno hilo lilifanana na hekima. Mimi, mwalimu wa walimu, nilimbebea kigoda uani saa tano ya mchana, akakaa na kanga imefunguliwa begani. Siku ya tatu ngozi ilitoka malengelenge, ikachubuka. Daktari aliuliza ni nani aliyempa shauri lile. Shangazi akajibu, "Ni mimi mwenyewe, mwanangu," akanisitiri. Alipona baada ya majuma mengi. Lakini jibu lile silisahau.

Basi shika haya kwa ajili ya mzazi au jirani yako. Mahali palipopigwa mionzi pafunikwe kwa nguo laini isiyobana. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mgonjwa akae kivulini, hata siku ya mawingu, na akumbuke kwamba mchanga na maji hurudisha miale. Ngozi ikiwa ingali mbichi, asipake kitu bila kumwuliza tabibu. Ikipona, apake mafuta ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi. Asijianike kwa nia ya kubadili rangi, wala asitafute mkorogo wa kufuta weusi ulioachwa na tiba. Tena asijifungie gizani: matembezi ya asubuhi na mapema, akiwa amejisitiri vema, yanamfaa.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ngozi iliyoonja moto wa tiba ina haki ya kushtuka, nasi tuna wajibu wa kuisikiliza. Shangazi amerudi Marikiti. Meza yake imesogezwa ndani zaidi, kanga imefika shingoni. Nikipita huniita, "Mwalimu, njoo kivulini." Nami huenda.